Ndege ya Mchana ya Shantou

Abdulhadi alikuwa Mzanzibari wa Mkunazini, na alijua Kichina kuliko Mtanzania yeyote niliyekutana naye Guangzhou. Alikuja kusomea uhandisi wa umeme kwa udhamini wa serikali, akamaliza, na wenzake waliporudi nyumbani yeye akabaki. Miaka ile, tisini na saba, tisini na nane, sisi wafanyabiashara kutoka Tanzania ndio kwanza tulikuwa tunaanza kuuzoea mji ule. Tulikuwa wachache, tunajuana, na mtu akitaka kwenda kiwandani au kubishana na wakala wa makontena alimtafuta yeye.

Mimi ni mtu wa Bukoba, jina langu Benedicta, na kilichonipeleka ni mashuka na vitambaa vya mapazia kule soko la Zhongda. Tangu siku ya kwanza aliniita dada Benedicta, nami nikamwita kaka Hadi. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe, leo kipande, kesho kipande, tukiwa tumekaa juu ya marobota tukisubiri gari.

Alikuwa mwembamba, mpole, shati la mikono mirefu hata wakati wa joto. Hakuwa na mke. Baba yao alifariki yeye akiwa kijana na mdogo wake Shifa bado yuko shule ya msingi, na kwa maneno yake mwenyewe, Shifa alikuwa mtoto wake kabla ya kuwa dada yake. Abdulhadi ndiye aliyemfundisha kusoma saa. Ndiye aliyempeleka kupimwa macho na kukaa naye barazani siku nzima hadi akakubali kuvaa miwani. Shifa alipokua akaolewa na Khatib, kijana wa Darajani muuza nguo, mcheshi, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Kisha Shifa akampigia simu kaka yake kuomba: mume wangu hana mbele wala nyuma, mchukue huko uliko.

Abdulhadi akamchukua. Akamtafutia mwaliko, akampokea uwanja wa Baiyun, akampa kitanda na yeye mwenyewe akalala kwenye godoro chini muda wote hadi walipopata chumba kikubwa zaidi. Kila jioni baada ya sala walikaa na kurudia maneno ya Kichina: bei, rangi, vipimo, na lile neno ambalo mgeni hulisikia kabla ya mengine yote, mei you, yaani hakuna. Khatib alikuwa mwepesi wa kushika. Baada ya mwaka alikuwa na kibanda cha simu pale mtaa wa Dengfeng, karibu na chumba chao, watu wanaingia kupiga nyumbani, yeye anacheka nao na kuwauliza habari za kina mama zao. Sote tulimpenda. Nami nilikuwa napiga simu Bukoba kutoka kwake.

Sasa vikombe.

Siku moja, muda mrefu kabla ya Khatib kufika, Abdulhadi alikwenda Chaozhou kumtafsiria Mpakistani mmoja aliyekuwa ananunua sahani. Chaozhou ni mji wa ufinyanzi mzuri, mashariki kabisa ya jimbo lile. Mwenye kiwanda, Bwana Cai, aliwakaribisha chai kama wafanyavyo watu wa kule: chai kali, nyeusi, katika vijikombe visivyo na mkono, vidogo vya kutosha funda mbili. Abdulhadi alikishika kikombe akakigeuza. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Ni vile vile vinavyozungushwa barazani kwao Unguja, isipokuwa hivi vilikuwa vyembamba mno na weupe wake ulikuwa baridi.

Hapo ndipo wazo lilipomwingia, na halikumtoka. Alirudi Chaozhou peke yake. Akamweleza Bwana Cai kwamba kwao muuza kahawa hutembea na vikombe mkononi akivigonganisha, watu wasikie na kumwita, kwa hiyo kikombe lazima kivumilie kugongwa na lazima kitoe mlio. Bwana Cai alicheka, halafu akaacha kucheka akaanza kufikiri. Wakajaribu. Vya kwanza vilipasuka vikigonganishwa. Vilivyofuata vilikuwa vinene, mlio wake ukawa kama wa mawe. Iliwachukua karibu miaka mitatu ya kwenda na kurudi, kwa sababu Abdulhadi alikuwa na kazi zake za kutafsiri na Bwana Cai alikuwa na oda zake nyingine. Mwishowe wakapata unene unaofaa, na mama mmoja mchoraji wa pale kiwandani akachora asumini kuzunguka ukingo, kutoka kwenye picha aliyopelekewa na Abdulhadi.

Safari zote hizo alikwenda kwa ndege ya mchana. Uwanja wa Baiyun wakati huo ulikuwa mjini, karibu tu na kwetu, na ndege ya kwenda Shantou ilikuwa ya kila siku. Kwa umbali ni kama kutoka Dar mpaka kupita Tanga na kuendelea. Kwa basi ni kutwa nzima. Kwa ndege ni dakika hamsini hivi: unafunga mkanda, unaletewa maji na pakiti ya karanga, na kabla hujamaliza karanga wanakwambia inua meza, tunatua. Kutoka uwanja wa Shantou kwenda Chaozhou kuna vibasi, muda si mrefu. Unaondoka Guangzhou umeshakula chakula cha mchana, na alasiri unakunywa chai kwa Bwana Cai. Abdulhadi aliyaeleza haya yote kwa Khatib, akamwonyesha na ofisi ya tiketi. Mara mbili alikwenda naye. Mara ya pili alimtambulisha kwa Bwana Cai kuwa ni mdogo wake, na akaongeza maneno ambayo baadaye yalimrudia: akija huyu peke yake, mhesabu kama nimekuja mimi.

Mwezi wa nne mwaka tisini na nane Bwana Cai alituma salamu kwamba yuko tayari. Walikubaliana kwamba Abdulhadi awe wakala wake wa pekee kwa pwani yote ya Afrika Mashariki, kalibu ya kuumbia vikombe na mchoro wake visipewe mtu mwingine, na kontena la kwanza liondoke kabla ya mvua za majira ya joto. Ilibaki kukaa pamoja na kutia saini, siku ya Alhamisi asubuhi.

Nakumbuka alivyokuwa siku zile. Alinunua shati jipya. Alikuja Zhongda akanionyesha vikombe viwili amevifunga kwenye leso, akavigonganisha sikioni kwangu, akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia nasikia vikombe. Akacheka.

Khatib ndiye aliyejitolea kumkatia tiketi. Alirudi jioni na sura ya mtu aliyehangaika. Ndege zimejaa, alisema. Wachaozhou walikwenda kwao kuzuru makaburi ya wazee wao, kama wafanyavyo kila mwaka majira yale, na sasa kila kiti kwenda na kurudi kimeshikwa hadi wiki ijayo. Alikuwa ameulizia ofisi mbili. Mei you, mei you, hata kiti kimoja. Lakini shemegi asiwe na wasiwasi, amemkatia tiketi ya basi la Jumatano asubuhi, kiti cha mbele, nyuma ya dereva, asirushwe sana.

Abdulhadi akamshukuru. Alijua kuwa ziara ya makaburi ni kweli ipo. Hakujua kwamba ilikuwa imekwisha, na watu wameshatawanyika.

Jumatano asubuhi Khatib alimsindikiza mpaka stendi. Alimbebea mkoba. Alikuwa ameamka alfajiri akampikia chapati, akachemsha na mayai, vyote akavifunga vizuri kwenye mfuko. Basi lilichelewa kuondoka, na Khatib hakuonyesha haraka yoyote. Alisimama pale nje ya dirisha akiongea na Abdulhadi, akamwambia asisahau kumsalimia mke wa Bwana Cai, akamwambia ajifunike shingo kwa sababu dereva atafungua dirisha. Basi lilipoanza kurudi nyuma akapunga mkono, na bado alikuwa amesimama pale lilipoingia barabarani.

Kutwa nzima Abdulhadi alikuwa njiani. Alikula chapati. Alirudiarudia kichwani maneno ya mkataba ambayo hakuyazoea. Mvua iliwakuta katikati, kisha gari likasimama muda mrefu kwa sababu ya lori lililolala barabarani, na alifika Chaozhou jua likiwa limezama. Akapata nyumba ya wageni, akalitundika lile shati jipya linyooke, akalala.

Asubuhi akaingia kiwandani. Bwana Cai alikuwa amekaa penye meza yake ya chai akiviosha vikombe kwa maji ya moto. Aliinua kichwa, na birika likabaki mkononi.

"Umepona?" akauliza.

Abdulhadi alidhani hakusikia vizuri. Bwana Cai Kichina chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kichaozhou, na mara nyingine maneno hupotea. Akamwomba arudie.

Bwana Cai akaweka birika chini. Akamwambia kwamba mdogo wake alikuja jana alasiri, kwa ile ndege ya mchana. Alimletea habari kwamba Abdulhadi anaumwa sana, figo, na kwamba anarudishwa kwao na huenda asirudi tena. Alisema kaka amemwachia kazi yote. Walitia saini kabla ya chakula cha jioni. Mdogo mtu alisoma jina lake kwa sauti, kwa Kichina kizuri, na mke wa Bwana Cai alilia kidogo kwa kumwonea huruma mgonjwa.

"Ulikaa kiti hicho hicho," Bwana Cai akasema, "ukaniambia akija huyu ni kama umekuja wewe. Nami nikafanya hivyo."

Abdulhadi aliniambia kwamba wakati ule hakuwaza vikombe. Aliliwaza lile basi. Alikuwa anahesabu kichwani: mtu akirudi kutoka stendi, akafunga kibanda, akaingia teksi, anafika uwanjani saa ngapi. Wakati yeye amekaa kwenye foleni nyuma ya lori, Khatib alikuwa amepita juu ya kichwa chake.

Alimuuliza Bwana Cai kama saini inaweza kufutwa. Yule mzee akasema kwamba ametia saini na mtu aliyetambulishwa na Abdulhadi mwenyewe, na muhuri wake umeshagongwa, na akianza kuvunja karatasi zake hakuna atakayeziamini. Kama wao ndugu wana ugomvi, waumalize kwao, kisha wote wawili waje, atasikiliza. Alisema kwa upole. Akammiminia chai na Abdulhadi akainywa, kwa sababu hakutaka kumvunjia heshima mtu asiyemkosea.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja uwanja wa ndege wa Shantou. Alifikiri atasimama kwenye foleni akibembeleza. Msichana wa dirishani alichukua pasi yake bila kuinua macho na kuuliza anataka kukaa dirishani au kando. Abdulhadi akamuuliza kama ndege hazikuwa zimejaa wiki hii. Msichana akasema wiki iliyopita ndiyo, wiki hii watu wachache, jana ndege imekuja nusu tupu.

Alipoingia ndani ya ndege alikuwa anaelekea kwenye kiti kilichoandikwa kwenye tiketi yake alipomwona Khatib. Alikuwa amekaa dirishani, koti limekunjwa magotini, amefumba macho. Viti viwili vya pembeni yake vilikuwa vitupu. Abdulhadi akakaa cha jirani, akafunga mkanda.

"Assalaam aleikum," akasema.

Khatib akafumbua macho. Aliitikia kwa sauti ndogo, akatazama mbele, akatazama nyuma, kama mtu anayetafuta kiti kingine, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa na mhudumu anapita kukagua mikanda. Ndege ikaruka, bahari ikabaki nyuma.

Abdulhadi akamuuliza nani alimtuma aseme yeye ni mgonjwa. Khatib akamwomba wasizungumze humu, watu wanasikia.

"Hakuna ajuaye Kiswahili humu," Abdulhadi akasema. "Sema."

Khatib akasema. Alianza polepole, kisha yakaja kwa kasi, na Abdulhadi akaona kwamba yalikuwa yamekaa tayari siku nyingi. Alisema shemegi amekaa miaka mitatu anacheza na vikombe, anakunywa chai na Mchina, hajapeleka hata sanduku moja. Alisema biashara inataka mtu wa haraka, na yeye Zanzibar anawajua wenye maduka wote, shemegi hamjui hata mmoja. Alisema ana watoto wawili, na wa tatu yuko njiani tangu alipokwenda nyumbani kwa Ramadhani. Shemegi hana mke wala mtoto, atafanya nini na pwani yote? Alikusudia kumpa fungu lake. Alikusudia kumweleza.

"Lini?"

"Ukirudi."

Mhudumu akaleta maji na karanga. Khatib alichukua, akashukuru kwa Kichina, na Abdulhadi akaisikia sauti yake mwenyewe ndani ya maneno yale, maana hata namna ya kuvuta mwisho wa neno alimfundisha yeye.

"Nataka unieleze kitu kimoja," akasema. "Tiketi ulishanipa. Ungeniaga nyumbani ukabaki kitandani. Ulinipikia, ukanibebea mkoba, ukasimama pale mvua ikitaka kunyesha mpaka basi likaondoka. Ulikuwa unasubiri nini?"

Khatib aliifungua pakiti ya karanga, akaifunga tena.

"Nilitaka nihakikishe umeondoka," akasema.

Abdulhadi aliniambia kwamba jibu lile lilimuuma kuliko mkataba. Mpaka dakika ile, alisema, alikuwa bado anazihesabu chapati kama wema, upande mwingine wa mizani. Alikuwa anajiambia kwamba mtu anaweza kukudhulumu na bado akakuonea huruma, kwamba labda Khatib alisimama pale kwa sababu moyo ulikuwa unamsuta.

Akamuuliza swali la mwisho, na hata alipokuwa analiuliza alitamani asijibiwe. Je, Shifa anajua?

Khatib aligeuka kutazama dirishani. Chini kulikuwa na vilima, na kati ya vilima mashamba yaliyojaa maji.

"Maneno ya ugonjwa ni yake," akasema. "Mie nilitaka kusema umesafiri. Shifa akasema hapana, aliyesafiri hurudi. Mgonjwa watu humwonea huruma, hawaulizi sana."

Safari ile Abdulhadi alikuwa ameifanya mara nyingi, na daima aliiona fupi, mtu hana hata nafasi ya kusinzia. Siku ile aliomba isifike. Si kwa kumpenda yule mtu aliyekaa naye. Alijua tu kwamba mlango ukifunguliwa Khatib atatoka, na hakutakuwa tena na mahali pa kumweka na kumuuliza. Lakini meza zikainuliwa, masikio yakaziba, na magurudumu yakagusa ardhi. Khatib alipita mbele yake na koti mkononi. Pale nje kwenye teksi alisimama, akauliza kama watachukua moja, maana wanakwenda nyumba moja. Abdulhadi akamwacha aende.

Hakwenda Dengfeng. Alitembea hadi kibanda cha simu cha Mchina mmoja kule Sanyuanli, mahali ambapo hakuna Mswahili wa kumsikia, akapiga Unguja. Shifa mwenyewe ndiye aliyepokea. Aliposikia sauti ya kaka yake hakuuliza kilichotokea, na kwa hilo tu Abdulhadi akajua kila kitu.

Hakukana. Alisema mama yao miguu haisimami tena, na yeye ndiye anayemwogesha na kumgeuza kitandani. Alisema kaka ameondoka miaka kumi, amerudi mara moja, kwa wiki tatu, na wiki zile tatu mama alimwita mwanangu wa dhahabu huku mwenye kumuosha akiwa jikoni. Alisema yeye hakuachiwa nafasi ya kuchagua, aliachiwa nyumba na mgonjwa. Sasa amechagua watoto wake.

"Ungeniomba," Abdulhadi akamwambia. "Ungesema nimpe Khatib ile kazi. Ningekataa?"

"Usingekataa," Shifa akasema. "Ndiyo maana sikuomba. Nimechoka kukuomba, kaka. Maisha yangu yote nakuomba wewe."

Abdulhadi akamwambia amsalimie mama, akakata simu.

Jioni hiyo alikuja Zhongda nikiwa nafunga hesabu na muuza mapazia. Alikuwa na ule mkoba wa safari na lile shati jipya limeshakunjamana. Nilimuuliza habari za Chaozhou, akasema ndege zilikuwa na nafasi. Nilidhani ananitania. Siku ile hakusema zaidi ya hapo, ila aliniuliza kama najua chumba cha kupanga upande huu wa mto. Nilijua kimoja, juu ya duka la vifungo, nikampeleka. Vitu vyake Dengfeng alikwenda kuvichukua mchana mmoja wakati Khatib yuko msikitini. Alichukua nguo, vitabu na msala. Godoro aliliacha.

Habari zilienea kama zinavyoenea kwa watu wachache waliokaa pamoja ugenini. Wengine walimkasirikia Khatib, wakahamia kupiga simu kwa Mkongo mmoja mwenye kibanda jirani. Wengine walisema biashara ni biashara. Mimi nilikwenda kibandani nikamwambia Khatib usoni kwamba alichofanya ni uchafu. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza mama yangu Bukoba hajambo. Mwezi wa saba alifunga kibanda akarudi Zanzibar na kontena lake, na vikombe vikauzika. Vilikwenda Pemba, vikaenda Tanga, vikafika Mombasa. Sikusikia kwamba amepata hasara yoyote, wala sikusikia kwamba amejuta.

Abdulhadi akawa anatafsiri pale Zhongda. Nilimpa kazi zangu zote, na wenzangu wakampa zao. Kichina chake hakikupungua, lakini kuna kitu kilichobadilika, na mimi niliyekuwa naye kila siku nilikiona. Akitafsiri kwa muuzaji, alikuwa anarudia mara mbili kwangu: amesema hivi, nami nimemwambia hivi. Zamani alikuwa anasema tu, kaa utulie dada, nimeshamaliza. Nikimwambia nitamnunulia chakula nikitoka, alisema usijali, akatoka kununua mwenyewe. Nilielewa, na bado iliniuma.

Vuli ile maonyesho makubwa ya biashara yalipofunguliwa pale Liuhua, Bwana Cai alikuja Guangzhou na meza yake, na akamtafuta Abdulhadi. Alitaka mtu wa kumtafsiria kwa wageni wa Kiarabu na Kiafrika. Nilimwambia Abdulhadi asiende. Akaenda. Nilipita pale siku ya tatu nikamkuta amesimama nyuma ya meza, amevaa tai, na mbele yake wamepanga vile vikombe vya asumini. Wakenya wawili walikuwa wamevishika, wanavigonganisha, wanauliza watavipataje. Abdulhadi akawaeleza kwa Kiswahili safi, sauti haitetemeki: kwa upande wenu wakala ni Khatib, yuko Zanzibar, Darajani. Akawaandikia na namba ya simu. Ilikuwa namba ya nyumba ya mama yake.

Walipoondoka nilimuuliza anawezaje. Akasema mzee Cai hakumkosea, na aliyeuliza vikombe naye hakumkosea, na wote wanastahili kujibiwa. Kisha akaenda chooni, akakaa huko kwa muda.

Sikukuu ya Idi mwezi wa kwanza alipiga nyumbani. Hakuwa amepiga tangu siku ile. Nilikuwa naye, nimekaa benchi la pembeni nikisubiri zamu yangu. Walimpa mama yake simu. Bi Kipenzi, kama walivyomwita pale nyumbani, alikuwa na furaha. Hakuna aliyemwambia lolote. Alimsimulia mwanawe kwamba wageni wamejaa, mjukuu mpya amefanana na babu yake, na Khatib ameleta vikombe vya kahawa kutoka China ambavyo mji mzima unavisifu, hata yeye anavisikia vikilia mtaani kutoka kitandani. Alisema Mungu amempa mkwe mwenye akili. Akamuuliza Abdulhadi kama ameviona.

"Nimeviona, mama," Abdulhadi akasema. "Ni vizuri."

Mama akamuuliza atarudi lini. Akasema akipata nafasi.

Tulitoka tukatembea kuelekea mtoni. Nilimwambia, kama mtu wa nje, kwamba angeweza kumwambia mama yake kwa neno moja tu, na kwamba ukweli ni haki ya mama.

"Anayemwogesha ni Shifa," akasema. "Nikimwambia, amchukie nani?"

Mimi niliondoka Guangzhou mwisho wa mwaka tisini na tisa, nikafungua duka Mwanza, na mizigo yangu ikawa inafuatwa na watu wengine. Mara ya mwisho kuonana, nikijiandaa kuondoka, tulikula wali na samaki kwa Waislamu wa Kichina karibu na chumba chake. Nilimuuliza tena habari za kurudi. Nilimwambia Zanzibar ipo, nauli anayo, miaka inakwenda, aende hata wiki mbili.

Alichambua samaki wake hadi ukabaki mwiba mtupu.

"Si kwamba siwezi kwenda, dada Benedicta," akasema. "Nikifika, nafikia wapi?"

Nikamwambia afikie kwangu Mwanza. Akacheka kidogo, akasema Mwanza kuna baridi. Si kweli, na alijua si kweli. Akamwita mhudumu kwa Kichina, akaomba chai nyingine.